Waraka kwa Jenerali Henry Knox kuhusu Ekari Mia za Sajini Martin

Kwa Mheshimiwa Jenerali Henry Knox,
Thomaston, Maine, Marekani.

YAH: SHAMBA LA EKARI 100 LA SAJINI JOSEPH PLUMB MARTIN

Mheshimiwa Jenerali,

Ninakuandikia nikijua kwamba ulifariki Oktoba 1806 na kwamba huna namna ya kunijibu. Nisingekusumbua kama jina lako nalo lingepumzika. Halijapumzika. Liko Tennessee kwenye jiji la Knoxville, liko kwenye kambi ya Fort Knox huko Kentucky, mahali ambapo Marekani huweka sehemu kubwa ya dhahabu yake. Mtu ambaye jina lake limesimama mlangoni pa dhahabu ya taifa anaweza kuulizwa habari ya dola 170.

Nianze na haki yako, maana sikuja kukuvunjia heshima. Hukuwa mwanajeshi wa kusomea. Ulikuwa muuza vitabu wa Boston, na elimu ya mizinga uliipata kwenye rafu za duka lako mwenyewe. Ulikuwa na miaka 25 tu ulipokwenda Fort Ticonderoga, majira ya baridi ya mwaka 1775, ukaleta mizinga ipatayo 60 kwa kuikokota kwa maksai na farasi juu ya theluji na mito iliyoganda, mwendo wa karibu kilomita 480. Machi 1776 Waingereza walipoona mizinga hiyo iko juu ya vilima, waliiacha Boston na kupanda merikebu zao. Sina la kupunguza hapo. Wachache sana katika vita ile ya uhuru wa Marekani walifanya kazi kubwa hivyo kwa umri mdogo hivyo.

Sasa niruhusu nikukumbushe mtu mwingine wa vita ile ile. Juni 1776, miezi mitatu baada ya ushindi wako wa Boston, mvulana wa miaka 15 aliyekuwa akilelewa na babu na bibi yake huko Milford, Connecticut, alijiandikisha jeshini kwa miezi sita. Jina lake Joseph Plumb Martin. Alikuwapo Brooklyn jeshi liliposhindwa, alikuwapo Kip's Bay watu walipokimbia, alikuwapo White Plains. Muda wake ulipokwisha alirudi nyumbani, na mwaka 1777 akajiandikisha tena, safari hii mpaka vita iishe. Vita ikaisha mwaka 1783, naye bado yumo.

Novemba 1777 alikuwa Fort Mifflin, ngome ya matope katikati ya mto Delaware, ambako askari mia chache walipigwa mizinga na meli za Waingereza mpaka hapakubaki mahali pa kujificha. Walihama usiku, wakavuka mto wakiwaacha wenzao wengi wamekufa. Miaka mingi baadaye Martin aliandika kwamba ngome ile haikusifiwa ipasavyo kwa sababu hapakuwa na jenerali mkubwa ndani yake. Nakuomba uyapime maneno hayo, Jenerali, kwa kuwa wewe ulikuwa mmoja wa majenerali wakubwa, na kila ulipokuwapo palisifiwa.

Mwezi uliofuata ikafika siku ya shukrani ambayo Kongresi iliitangaza kwa nchi nzima. Jeshi lilikuwa halijala siku mbili tatu. Chakula cha sikukuu kilipogawiwa, kila askari alipata kama robo kikombe cha mchele na kijiko kimoja cha siki. Baada ya hapo wakapelekwa kambi ya baridi ya Valley Forge. Watu wote wanaikumbuka Valley Forge. Lakini walioishi ndani ya jeshi lile walijua kwamba baridi ya Morristown, mwaka 1780, ilikuwa mbaya zaidi. Martin anasimulia kwamba zilipita siku nne bila kutia kitu mdomoni isipokuwa kipande cha gome la mti. Aliona wenzake wakichoma viatu vikuukuu na kuvila. Mei ya mwaka huo askari wa Connecticut walishika silaha zao na kuasi, na sababu yao ilikuwa moja: njaa. Hawakutaka kwenda kwa adui, wala kwenda nyumbani. Walitaka kula.

Nayataja haya kwako kwa sababu ninyi mlioyajua ni wachache. Wanasiasa wa Philadelphia waliyasikia kwa barua. Wewe ulikuwa Morristown. Na Desemba 1782, jeshi lilipokuwa limechoka kungoja mishahara, ulikuwa miongoni mwa maofisa walioongoza kuandika ombi kwa Kongresi mkieleza kwamba uvumilivu umefika mwisho. Hilo ni andiko la mtu anayejua deni ni nini na linamuuma nani. Ndiyo maana waraka huu nimeuandika kwako, sikumwandikia mlanguzi fulani wa ardhi ambaye hakuwahi kusikia njaa ya askari.

Mlikutana Yorktown, hata kama hukumtambua. Usiku wa tarehe 6 Oktoba 1781 kikosi cha wachimba mahandaki, ambacho Martin alikuwa sajini wake, kilikwenda gizani kuanza handaki la kwanza. Kwa masimulizi yake mwenyewe, Jenerali Washington alifika akapiga sululu mara chache ili isemwe kwamba ndiye aliyeanza kuchimba kwa mikono yake. Kazi iliyobaki wakaimaliza wenye sululu zao. Tarehe 9 mizinga yako ikafyatuliwa kutoka kwenye mahandaki hayo. Tarehe 14 usiku, ngome ya udongo nambari 10 ilipovamiwa, Martin na wenzake walitangulia na mashoka kukata vizuizi vya miti ili askari wa Kanali Alexander Hamilton wapite. Siku tano baadaye Cornwallis, jenerali wa Waingereza, alisalimu amri. Wewe ukapandishwa cheo kuwa meja jenerali, na ulistahili. Martin akabaki sajini.

Tuje kwenye hesabu, Jenerali, maana wewe ulikuwa mfanyabiashara kabla hujawa mwanajeshi.

Askari wa kawaida aliahidiwa dola 6 na theluthi mbili kwa mwezi. Martin anasema mishahara ilikoma baada ya Agosti 1777. Tangu Septemba ya mwaka huo hadi Juni 1783 alipoachiliwa ni miezi 70. Katika miezi hiyo yote alilipwa fedha halisi mara moja tu, mshahara wa mwezi mmoja, njiani kwenda Virginia, na fedha yenyewe ilikopwa kwa Wafaransa. Tuihesabu miezi 69 iliyobaki kwa kima cha askari wa chini kabisa, tusiangalie usajini wake: ni dola 460. Alipoachiliwa alipewa hati za karatasi za kusema kwamba anadai, akaziuza ili apate nguo za kumsitiri barabarani.

Juu ya mshahara palikuwa na ahadi ya ardhi. Mwaka 1776 Kongresi iliahidi ekari 100 kwa kila askari atakayekaa mpaka mwisho wa vita. Martin alikaa mpaka mwisho. Ardhi ya askari ikapimwa mbali, upande wa Ohio. Hakuna aliyewachukua mkono wazee wale kuwapeleka, na walanguzi wakawangoja njiani kununua haki zao kwa bei ya kutupa. Na hati hizo za ardhi zilitolewa na ofisi gani? Ya Waziri wa Vita. Waziri wa Vita tangu 1785 hadi mwisho wa 1794 alikuwa wewe.

Martin hakungoja Ohio. Baada ya kufundisha shule majira ya baridi moja huko New York, alielekea kaskazini mashariki, mpaka mwisho kabisa wa Massachusetts ya wakati ule, sehemu inayoitwa Maine, akaweka makazi karibu na mdomo wa mto Penobscot. Alikwenda kama maelfu ya askari wenzake walivyokwenda, wakiamini kwamba ardhi iliyokuwa ya watu wa mfalme imekuwa ya walioipigania. Anayejua kilimo atajua kazi aliyoikuta. Msitu hadi ufukweni, mawe chini ya udongo, majira ya joto mafupi. Mtu hufyeka, huchoma, hupanda kati ya visiki, na visiki vyenyewe huving'oa mwaka baada ya mwaka kadiri nguvu zinavyoruhusu. Alioa mwaka 1794, akamwoa Lucy Clewley, wakapata watoto watano. Mji ukaitwa Prospect, naye akawa karani wake kwa zaidi ya miaka 25. Ekari zake zilikuwa 100, kiasi kile kile alichoahidiwa na Kongresi.

Na wewe, Jenerali, ulikuwa na karatasi. Hati ya ardhi ile iliandikwa Uingereza mwaka 1630, enzi ya mfalme, ikamfikia Samuel Waldo, babu wa mkeo, na kwa Waldo ikafika kwa mkeo Lucy Flucker, binti wa katibu wa serikali ya mfalme huko Massachusetts. Baba yake na jamaa zake walikuwa upande wa Uingereza wakakimbia. Mwaka 1785 Bunge la Massachusetts likaithibitisha hati hiyo. Ukashika fungu la mkeo, ukaongeza mafungu ya wengine, mpaka ukawa bwana wa sehemu kubwa ya ekari karibu 576,000. Vita vilimwangusha mfalme. Karatasi ya enzi ya mfalme ikasimama, na aliyeisimamisha ni jenerali wa mapinduzi.

Sheria ilikuwa upande wako. Nalikubali hilo bila kinyongo. Mwaka 1797 shamba la Martin likathaminiwa dola 170, alipe kwa awamu kwa muda wa miaka sita. Lakini hebu weka tarakimu hizo mbili pamoja. Taifa halijamlipa dola 460 anazolidai. Waziri wa zamani wa taifa hilo anamtaka alipe 170 kwa udongo alioufyeka mwenyewe. Utasema deni la kwanza ni la Kongresi na la pili ni lako, na mahakama haichanganyi vitabu. Kweli. Ila moyoni mwa mtu aliyeandika ombi la Desemba 1782 vitabu hivyo vilikuwa kimoja. Dawa ya deni kulipa, Jenerali, na pale ambapo serikali haikulipa, wewe ulikuwa mtu mwenye uwezo wa kusamehe.

Alikuomba. Mwaka 1801 Martin alikuandikia barua akijitupa miguuni pako yeye na watu wa nyumba yake, akikuomba utafute njia ya yeye kubaki na shamba lake. Mtu aliyetangulia na shoka mbele ya ngome nambari 10 hakuwa mwoga, wala hakuwa mtu wa kupiga magoti kwa kuzoea. Barua imehifadhiwa. Jibu lako halijapatikana.

Wenzake hawakuandika barua. Walijipaka rangi usoni, wakavaa kama Wahindi Wekundu, wakawavizia wapima ardhi wako msituni na kuwafukuza. Nawe hukushangaa, kwa kuwa uliwajua watu wa namna hiyo tangu zamani. Mwaka 1786 wakulima wa Massachusetts, wengi wao askari wa zamani, walipoinuka pamoja na Kapteni Daniel Shays, ulimwandikia Washington kumtisha kwamba watu hawa wanaamini mali ya nchi iliokolewa na jasho la wote na kwa hiyo inapasa iwe ya wote. Uliyaandika hayo kama hatari. Yasome tena leo. Hata asiyetaka mali igawanywe sawa anaweza kuona kwamba sehemu ya kwanza ya imani yao ilikuwa ukweli mtupu. Na mwaka 1794, jeshi lilipotumwa Pennsylvania kuwatuliza wakulima waliogomea kodi ya pombe, Waziri wa Vita hakuwapo ofisini. Ulikuwa umeomba ruhusa kwenda Maine kuangalia ardhi yako, na Hamilton, Waziri wa Fedha, akakushikia kazi.

Lipo jambo moja ambalo linanizuia kukuchukia, na hilo hilo ndilo linalokuhukumu. Mwaka 1789 ulimwandikia Rais Washington ukieleza kwamba wenyeji wa Amerika, kwa kuwa ndio waliotangulia kuikalia ardhi, wana haki ya ardhi hiyo, na kwamba hawawezi kunyang'anywa ila kwa ridhaa yao au kwa vita ya haki. Katika serikali ile hapakuwa na wengi waliothubutu kuandika hivyo. Naandika haya nikikuvulia kofia. Lakini mto Penobscot una jina la watu wake, na watu hao walikuwa upande wenu katika vita. Kabla ya hati ya 1630, kabla ya Waldo, kabla ya Martin na shoka lake, walikuwapo wao. Mwaka 1796 walitia sahihi mkataba na Massachusetts uliowaondoa katika sehemu kubwa ya ardhi ya mto wao, na kanuni yako nzuri haikuonekana ikivuka kizingiti cha nyumba yako ya Thomaston. Hapa hata sajini wangu hana mikono safi. Alilima ardhi ambayo wenyewe hawakuulizwa. Tofauti ni kwamba yeye hakuwahi kuandika kanuni kwa rais.

Nyumba ile ya Thomaston uliiita Montpelier. Ilikuwa na ghorofa tatu, na ulihamia mwaka 1795 ukiwa na mipango mikubwa: tanuri za chokaa, matofali, mbao, meli, mifugo. Ulikopa, ukakopa tena ili kulipa ulichokopa. Rafiki zako Benjamin Lincoln na Henry Jackson, waliokudhamini kwa imani, wakaingia matatani kwa ajili yako. Katika watoto wako 13, watatu tu walifika utu uzima, na huo ni msiba ambao adui yako asingekutakia. Mfupa wa kuku ukakukwama, ukafa ukiwa na miaka 56, na madeni uliyoyaacha yakawazidi warithi wako. Kwa hiyo siwezi kusema ulimnyang'anya Martin ukanenepa. Ulitaka kuwa bwana mkubwa wa mashamba kama mabwana wa Uingereza, katika nchi ambayo wewe mwenyewe ulisaidia kuiondolea mabwana, na gharama ya tamaa hiyo ikawaangukia waliokuwa chini yako.

Miaka miwili baada ya kufa kwako, Massachusetts ilipitisha sheria ya kutenganisha thamani ya ardhi tupu na thamani ya kazi ya mkulima aliyeiendeleza. Ingalikuwapo mapema ingaliwafaa wengi. Kufikia 1811 shamba la Martin lilikuwa limebaki nusu. Ilipokuja sheria ya pensheni ya 1818, ambayo ilimtaka askari mzee athibitishe kwamba ni fukara, Martin aliapa kwamba hana ardhi. Alikuwa na ng'ombe wawili, kondoo sita na nguruwe mmoja. Mwili umechoka, mke anaugua baridi yabisi. Akapewa dola 8 kwa mwezi. Walikuwapo watu walionung'unika kwamba wazee hawa wanaila hazina ya nchi, na Martin akawajibu kwa maandishi, kwa ukali unaostahili.

Maana mwaka 1830, akiwa karibu na miaka 70, alichapisha kitabu huko Hallowell, Maine. Hakuweka jina lake. Hakikuuzwa sana. Kilikaa zaidi ya karne moja kabla hakijatolewa upya mwaka 1962, na tangu hapo hakuna anayeandika kwa makini habari za jeshi lile bila kukifungua. Barua zako zinatueleza mizinga ilikuwa mingapi. Kitabu chake kinatueleza viatu vilikuwa na ladha gani. Ni haki kuongeza kwamba katika kitabu kizima hasira yake imeielekea nchi kwa jumla, iliyowatumia vijana wake na kuwatupa. Hakukitumia kukushambulia wewe kwa jina, ingawa wewe ulikuwa umekwisha kufa na yeye alikuwa na kalamu mkononi. Adabu hiyo, Jenerali, ilikuwa kubwa kuliko ukimya uliompa mwaka 1801.

Alifariki Mei 1850, ana miaka 89, akazikwa Sandy Point, si mbali na shamba lililokuwa lake. Nawe ungali hapo jirani. Mwaka 1844 serikali ya Marekani ilianza kujenga ngome kubwa ya mawe juu ya mto Penobscot, ndani ya Prospect, mji ule ule ambao Martin alikuwa karani wake, naye akiwa hai wa kuiona ikianza kuinuka. Ngome hiyo wakaiita Fort Knox. Fedha za kuchonga mawe zilipatikana. Fedha za kumlipa sajini miezi yake 69 hazikupatikana kamwe.

Sitaki jina lako lifutwe kwenye ngome hiyo, wala kwenye miji, wala kwenye dhahabu. Uliistahili sehemu yako ya sifa theluji ilipokuwa magotini. Ninachotaka ni kwamba wanaokusoma wasome pia barua ya 1801, na wanaoonyesha watoto mizinga ya Ticonderoga wawaonyeshe na hesabu ya dola 170, pamoja. Wewe ulijua deni la askari kuliko mtu yeyote katika serikali yako, ulikuwa na ekari laki kadhaa, na ulishindwa kumwachia mmoja wao ekari 100. Hilo ni kosa lako, Jenerali. Halikuwa la Kongresi, wala la sheria, wala la mfalme.

Wako kwa heshima,
Msomaji wa kitabu cha Sajini Martin